Uvimbe wa mafuta unapoziba utumbo

WENGI wetu tumewahi kumwona mtu mwenye uvimbe laini mgongoni, shingoni au begani. Ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi. Hauumi, na huenda mwenyewe amekaa nao miaka kumi bila kujishughulisha nao. Katika Soko la Toi, pale kati ya Kibera na Barabara ya Ngong, si ajabu kumkuta mbeba mizigo mwenye uvimbe wa namna hiyo, na wenzake wakimtania kwamba umetokana na marobota ya mitumba anayobeba kila siku. Haukutokana na marobota. Ni uvimbe wa mafuta, ambao madaktari huuita lipoma. Ni seli za mafuta za kawaida zilizojikusanya mahali pamoja ndani ya ngozi nyembamba kama kifuko. Si kansa, na ni nadra mno kugeuka kuwa kansa.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba uvimbe huo huo unaweza kuota ndani ya utumbo. Huko ndani hauonekani wala haushikiki, na aghalabu mtu huishi nao mpaka kufa kwa sababu nyingine bila kujua kwamba alikuwa nao. Lakini ukikua na kufikia kiasi fulani unaweza kuuziba utumbo, na utumbo ulioziba ukiachwa bila kutibiwa huua. Basi msomaji, uvimbe usio na ubaya wowote wa asili unaweza kumleta mtu mezani kwa daktari wa upasuaji usiku wa manane. Wiki hii tutaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini watu wazima wengi wenye hali hii hutibiwa magonjwa mengine kwanza.

MUULIZE MUUZA MATUMBO

Asiyeelewa umbo la utumbo na aende kwa mama anayeuza matumbo sokoni. Yeye anajua kwamba utumbo si mpira mtupu, bali una matabaka. Ndani kabisa kuna utando wenye ute, ule unaoteleza mkononi wakati wa kuosha. Chini ya utando huo kuna tabaka laini linalopitisha mishipa midogo ya damu, nalo huwa na mafuta kidogo. Kisha kuna misuli, na nje kabisa ngozi nyembamba inayong'aa. Kwa binadamu, uvimbe wa mafuta wa utumboni huota zaidi katika lile tabaka la pili, chini ya utando wenye ute. Kwa kuwa nje umezuiwa na misuli, hukua kuelekea ndani, kwenye njia ya chakula.

Utumbo mpana ndio unaopata vivimbe hivi zaidi, hasa upande wa kulia wa tumbo, karibu na pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana. Utumbo mwembamba hufuata, hasa sehemu yake ya mwisho. Kati ya vivimbe visivyo vya kansa katika utumbo mpana, huu wa mafuta huhesabiwa kuwa wa pili kwa wingi baada ya polipu. Wenye kuupata zaidi ni watu wa miaka 40 hadi 70. Kwa kawaida mtu huwa nao mmoja tu. Ukiwa mdogo kuliko sentimita 2 haumsumbui mtu. Ukishapita hapo ndipo taabu huweza kuanza, na ukifika sentimita 4, yaani karibu ukubwa wa limau dogo, wagonjwa wengi huwa wameshaanza kulalamika.

Maarifa haya si mapya. Uvimbe wa mafuta wa utumbo mpana ulielezwa na daktari wa Ulaya aitwaye Bauer mwaka 1757. Kilichobadilika ni kwamba leo tunaweza kuuona kabla ya kufungua tumbo.

UTUMBO UNAPOJIMEZA

Mtu angedhani kwamba uvimbe huziba njia kwa kuwa mkubwa tu, kama gunia lililowekwa mlangoni. Wakati mwingine ndivyo. Lakini njia yake kubwa ya kuleta madhara ni nyingine, nayo ni ya ajabu kidogo.

Utumbo husukuma chakula kwa kujibana na kujilegeza, mawimbi kwa mawimbi, kutoka juu kwenda chini. Haujui kupambanua kati ya tonge la githeri na uvimbe uliojishikiza ukutani mwake. Unaukuta uvimbe na kuusukuma mbele kama unavyosukuma chakula. Lakini uvimbe umeshikamana na ukuta, basi unapokwenda mbele huuvuta ukuta pamoja nao, na sehemu ile ya utumbo huingia ndani ya sehemu inayofuata. Utumbo umejimeza.

Chukua sweta ya mtumba ambayo mkono wake umeingia ndani ya mkono wenyewe, kama zinavyotoka kwenye robota. Kilichokuwa urefu wa sentimita 30 sasa ni sentimita 15, na unene wa kitambaa umekuwa mara tatu: tabaka la nje, tabaka linalorudi, na tabaka la ndani. Ukijaribu kupitisha mkono wako humo unakwama. Hivyo ndivyo chakula kinavyokwama.

Sweta haina mishipa ya damu; utumbo unayo. Mishipa hiyo hufika kwenye utumbo kupitia ngozi laini inayoushikilia nyuma, na utumbo unapojimeza huiburuta mishipa hiyo ndani na kuibana. Kwanza hubanwa ile inayorudisha damu, basi sehemu iliyomezwa huvimba, hutoa ute na kuvuja damu. Baadaye hubanwa hata ile inayoleta damu, na nyama ya utumbo huanza kufa. Utumbo uliokufa hutoboka, na uchafu wake humwagika tumboni. Hapo ndipo hatari kuu ilipo.

Watoto wadogo hupata ugonjwa huu zaidi kuliko watu wazima, na kwao kwa kawaida hakuna uvimbe wowote unaopatikana. Mwaka 1871 huko London, daktari Jonathan Hutchinson alimfungua tumbo mtoto wa miaka 2 na kuuvuta utumbo wake ukarudi mahali pake, na mtoto akapona. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wakati ule. Leo watoto wengi hutibiwa bila kisu, kwa kusukuma hewa au maji ya dawa kupitia njia ya haja kubwa huku daktari akitazama kwenye picha. Watu wazima ni kama 5 tu katika kila wagonjwa 100 wa utumbo kujimeza. Lakini kwao ni lazima tuulize: ni kitu gani kimeuvuta utumbo? Kwa wengi wanaofikishwa kwenye upasuaji kitu hicho huwapo. Huenda ikawa uvimbe wa mafuta, huenda ikawa polipu, na huenda ikawa kansa, hasa ikiwa ni utumbo mpana uliojimeza.

MAUMIVU YANAYOKUJA NA KWENDA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika makala haya.

Fikiria mama wa miaka hamsini hivi, muuza nguo za watoto pale Toi. Kwa miezi mitatu amekuwa akishikwa na msokoto wa tumbo. Unakuja kwa mawimbi, unamkunja hadi anaketi juu ya robota, kisha baada ya saa moja au mbili unaisha kabisa na anarudi kuuza. Wiki inapita salama. Kisha unarudi. Mara anatapika, mara hatapiki. Mara choo kinafunga siku tatu, mara anaharisha. Siku moja ameona damu kidogo kwenye choo lakini amesema ni pilipili.

Mama huyu kwanza ataambiwa ana ulcers, na atanunua dawa ya maji ya kutuliza asidi. Isipomfaa ataambiwa ni amoeba. Kisha atapimwa damu kwa kile kipimo cha taifodi kinachopatikana katika kila kichochoro cha Kibera na Kawangware, na kitasema anayo, kwa sababu kipimo hicho mara nyingi husema ndiyo hata kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au asiyeugua kabisa. Atachomwa sindano siku saba. Katikati ya hayo jirani atampa dawa ya minyoo. Na kwa bahati mbaya kila dawa itaonekana kufanya kazi, kwa kuwa maumivu yenyewe yalikuwa yakija na kwenda! Utumbo hujimeza, kisha hujitapika wenyewe na kurudi mahali pake. Aliyekuwa amemeza kidonge saa hiyo hukisifu kidonge.

Simlaumu mama. Kazi ya soko haina ruhusa ya ugonjwa. Ukifunga kibanda siku moja, siku hiyo hakuna mauzo, na kodi ya nyumba haingojei. Wala sisemi kwamba kila mwenye msokoto ana uvimbe wa mafuta. Vidonda vya tumbo vipo, amoeba ipo, taifodi ipo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyepita miaka 40, anayepata msokoto wa namna moja unaorudi tena na tena kwa majuma, na aliyekwisha kutibiwa mara mbili bila kupona, hahitaji dawa ya tatu. Anahitaji kupigwa picha ya tumbo. Na damu katika choo cha mtu wa umri huo isihesabiwe kuwa pilipili mpaka daktari atazame.

SIKU UTUMBO UNAPOKATAA KABISA

Inakuja siku utumbo unajimeza na haurudi. Dalili zake ni nne: msokoto mkali wa mawimbi, kutapika, tumbo kufura, na kushindwa kupitisha choo wala hewa. Zote nne hazitokei kwa pamoja. Kizuizi kikiwa juu, katika utumbo mwembamba, kutapika huanza mapema na tumbo huenda lisifure sana. Kikiwa chini, tumbo hufura na choo hufunga kwanza, na kutapika huja baadaye. Matapishi huanza na chakula, kisha huwa ya kijani, na yakifika kuwa ya kahawia yenye harufu ya choo, mgonjwa amechelewa.

Wengine hujidanganya kwa kusema, "Nimekwenda choo asubuhi, siwezi kuwa nimeziba." Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi na ule mpana mita moja na nusu. Kilichokuwa kimeshapita kizuizi kitaendelea kutoka. Kwa hivyo kwenda choo mara moja baada ya maumivu kuanza hakuthibitishi chochote. Hewa ni kipimo bora zaidi: mtu ambaye tumbo linafura na hata hewa haipiti tangu jana ana neno.

Tena kuna suala la maji. Mate, maji ya tumbo, nyongo na maji yanayotolewa na utumbo wenyewe hufika lita 7 au zaidi kwa siku, na karibu yote hufyonzwa na kurudi mwilini. Utumbo ukiziba, maji hayo hukwama juu ya kizuizi au hutapikwa. Ndiyo maana mgonjwa hukauka ulimi, mkojo hupungua, macho huingia ndani, na moyo huenda mbio hata kama hajaharisha hata mara moja.

Maumivu yaliyokuwa ya mawimbi yakibadilika na kuwa ya mfululizo, tumbo likawa gumu na halitaki kuguswa, na homa ikapanda, huenda utumbo unakufa. Hapo ni suala la saa, si la siku.

Mambo mawili usifanye. Usinywe dawa ya kuharisha, iwe ya duka au mafuta ya mbarika, wala usipige bomba la sabuni nyumbani. Kuusukuma utumbo uliofungwa ni kama kuendelea kuongeza gari kwenye msongamano wa Barabara ya Ngong ilhali mbele kumefungwa. La pili, usichomwe sindano ya maumivu kisha ukarudi nyumbani kulala. Kutulizwa maumivu hospitalini huku ukichunguzwa ni haki yako. Kutulizwa na kuachwa ni hatari, kwa kuwa dawa huficha dalili huku utumbo ukiendelea kufa. Usile, na uende usiku huo huo. Kutoka Toi hadi Hospitali ya Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta ni kilomita chache. Wagonjwa wa upande wetu hawacheleweshwi na umbali.

SABABU NYINGINE ZA KUZIBA

Uvimbe wa mafuta si sababu ya kawaida ya utumbo kuziba. Katika watu wazima 100 waliozibwa utumbo, ni wachache tu, mmoja hadi watano, ambao utumbo wao umejimeza, na si wote hao wenye lipoma. Zamani henia ndiyo iliyoongoza katika hospitali zetu. Leo makovu ya upasuaji wa awali yamechukua nafasi kubwa, kwa kuwa upasuaji umeongezeka, ukiwamo ule wa uzazi. Mama mwenye kovu tumboni na msokoto wenye kutapika asisahau kulitaja.

Kisha kuna utumbo kujisokota, ambao Afrika Mashariki imeujua kwa wingi kuliko Ulaya Magharibi. Dkt Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na baadaye kufanya kazi Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 ile kansa ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Baadaye aliifanya tofauti ya magonjwa ya utumbo ya Waafrika na ya Wazungu kuwa kazi yake kubwa, na akahubiri duniani kote juu ya vyakula vyenye makapi. Nataja hayo kwa kuwa wasomaji hupenda kuuliza kama chakula ndicho kinacholeta uvimbe wa mafuta utumboni. Hakuna chakula kinachojulikana kuuleta. Nyama ya mafuta ina makosa yake mengine, lakini hili si mojawapo, na mtu mwembamba anaweza kuupata sawa na mnene.

HOSPITALINI

Utakapofika, utawekewa dripu ya maji na chumvi, na mpira mwembamba utapitishwa puani hadi tumboni ili kutoa yaliyokwama. Watu huuogopa mpira huo, ingawa wengi hupata nafuu ndani ya nusu saa. Eksirei ya kawaida itaonyesha utumbo uliojaa hewa na maji. Altrasaundi inaweza kuonyesha miduara ndani ya miduara, mfano wa kitunguu kilichokatwa katikati. Hiyo ni ile mikono mitatu ya sweta. Picha ya CT ndiyo bora kwa watu wazima. Huonyesha mahali, na kwa kuwa mafuta yana weusi wake wa pekee kwenye picha hiyo, daktari mara nyingi huweza kusema kabla ya kisu kwamba kilichouvuta utumbo ni lipoma.

Kwa asiye na haraka, yaani yule mama wa miezi mitatu, kamera inaweza kupitishwa njia ya haja kubwa. Uvimbe wa mafuta huonekana wa manjano na laini, na ukibonyezwa kwa chombo hubonyea kama mto wa kulalia kisha hurudi.

Ikiwa utumbo umeziba, tiba kwa mtu mzima ni upasuaji. Hatutumii hewa kama kwa watoto, kwa sababu mbili: nyama ya ndani huenda imekufa, na kilichouvuta huenda ni kansa. Daktari hukata sehemu yenye uvimbe na kuziunganisha ncha mbili zilizobaki. Uvimbe hupelekwa maabara hata kama kila mtu mezani anaona ni mafuta, kwa kuwa macho si kipimo. Ukiondolewa wote kwa kawaida haurudi. Uvimbe mdogo uliopatikana kwa bahati, usiosumbua, huachwa.

Wanaofika mapema hurudi kazini baada ya majuma machache, ingawa robota zito lingoje kama miezi miwili ili mshono ushike. Aliyekatwa upande wa kulia huenda choo chake kikawa laini kwa muda. Gharama ni jambo la kweli, na tangu Oktoba 2024 bima ya taifa inasimamiwa na SHA mahali pa NHIF ya zamani. Jiandikishe na ulipe mchango kabla hujaugua, kwa kuwa kwenye benchi la dharura hakuna aliye na utulivu wa kujaza fomu.

Limebaki swali la wenye vivimbe vya ngozi. Kuwa na kivimbe begani si dalili kwamba unacho tumboni. Wengi wenye vya ngozi hawana vya utumbo, na wenye vya utumbo huenda hawana kimoja cha ngozi. Kivimbe cha ngozi kionyeshwe kwa daktari kikipita sentimita 5, kikiwa kigumu, kikiwa kimeshikilia chini badala ya kuteleza, kikianza kuuma, au kikikua upesi katika miezi michache.